Kazi Isiyoila Ardhi: Funzo la Historia ya West Nile

Barabara ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, hupita katika mji wa Arua, huendelea hadi Koboko na kukoma Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Urefu wake ni kama kilomita 92 tu. Magharibi yake, wala si mbali, uko mgongo wa ardhi ugawao maji. Mvua inyeshayo upande wa mashariki wa mgongo huo huteremka hadi Mto Nile, na ile inyeshayo upande wa magharibi huishia katika Mto Kongo. Wakoloni walipochora mpaka waliufuata mgongo huo, na wenyeji wa Vurra, ambao ni Walugbara, wakajikuta wana ndugu na mashamba katika nchi mbili.

Katika barabara za namna hii ndipo askari husimama zamu. Usiku kizuizi hushushwa, lori husimama, turubai hufunuliwa, na chini yake hukutwa magunia ya mkaa. Dereva huanza kueleza. Tajiri mwenye mzigo hayupo. Pengine amelala nyumbani kwake mjini. Kijana aliyekata mti na kuuchoma naye hayupo. Amebaki porini, kilomita nyingi nyuma, na malipo aliyopata ni madogo kuliko ya wote. Sheria inamwambia askari la kufanya kuhusu lori. Haimwambii yule kijana ataamkia kazi gani kesho asubuhi.

Swali hilo la kazi ya kesho ndilo kiini cha mazungumzo yanayofanyika leo duniani kote kuhusu uchumi usioharibu mazingira, na kuhusu kazi ambazo wataalamu wameziita ajira za kijani. Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya mikutano ya Ulaya na hayamhusu askari wa mpakani. Historia ya West Nile yaonyesha kinyume chake. Kwa zaidi ya miaka 100 eneo hili limepewa kazi moja baada ya nyingine, na kila kazi ilikuwa na kitu ilichokula. Ya kwanza ilikula wanyama, ya pili ikala nguvu za vijana, ya tatu ikala miti. Kila mara walinzi wenye silaha walikuwapo, ama kuzuia ama kushiriki. Kwa hiyo inafaa historia hiyo itazamwe hatua kwa hatua.

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ardhi iliyo magharibi ya Mto Nile, ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Lado. Mkataba ulikuwa wa muda wa maisha yake. Akifa, ardhi irudi. Wenye ardhi hawakuulizwa neno. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 nchi hiyo ikakabidhiwa kwa Serikali ya Sudan. Utawala mmoja ulikuwa unafunga virago na mwingine haujajipanga. Katika pengo hilo wawindaji wa Kizungu walivuka Nile na kuua tembo bila kiasi kwa ajili ya pembe. Mwenyeji alichopata katika utajiri huo ni kubeba mizigo na kugawana nyama.

Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika kiti cha urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingoni mwa Nile mahali panapoitwa Rhino Camp mpaka leo. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe 9 kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba kifaru huyo anaweza kwisha. Ujangili uliofuata katika miaka ya vurugu ulimmaliza, na kufikia mapema miaka ya 1980 hakuwapo tena Uganda. Mwezi Machi 2018 dume wa mwisho wa jamii hiyo ya kaskazini alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Rhino Camp imebaki na jina la mnyama ambaye watoto wa hapo hawajapata kumwona. Laiti kifaru huyo angekuwapo, vijana wangapi wa Arua wangekuwa leo askari wa wanyamapori, waongozaji wa watalii, madereva na wapishi wa mahoteli? Kazi hizo ziliuawa kabla hazijazaliwa.

Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa katika Uganda ikaitwa West Nile, na A. E. Weatherhead akawa Mkuu wa Wilaya wa kwanza, makao yake yakiwa Arua. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, nayo ilitaka ilipwe kwa fedha taslimu. Pamba ilijaribiwa, lakini masoko yalikuwa mbali na usafiri ulikuwa mgumu. Bidhaa iliyoweza kutembea kwa miguu yake yenyewe hadi sokoni ilikuwa mtu. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wa Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa walishuka kusini kutafuta vibarua, wengi wao katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, kama vile manamba wa Tanganyika walivyokwenda katika mkonge. West Nile ikafanywa ghala la wafanyakazi. Palipohitajika barabara, kiwanda au umeme, jibu lilikuwa kwamba eneo hilo kazi yake ni kutoa watu.

Njia ya pili ya kuondokea nyumbani ilikuwa jeshi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, na wazao wa askari hao ndio walioitwa Wanubi. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, na katika miaka iliyofuata, waandikishaji walizoea kuitazama kaskazini ya Uganda kama shamba la askari. Kiswahili kilifika katika vijiji vingi vya West Nile pamoja na buti na bunduki. Askari aliyestaafu alirudi na nishani, lugha na kiinua mgongo kidogo, akakuta shamba limelimwa na mke wake kwa miaka yote aliyokuwa hayupo. Familia nyingi za askari wa leo zinaifahamu hadithi hiyo kwa sababu ni ya babu zao.

Kazi ya tatu ilikuwa tumbaku. Kabla ya uhuru wa mwaka 1962 na baada yake, tumbaku ikawa zao kubwa la fedha katika West Nile, na kampuni ya British American Tobacco ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu. Haifai kuibeza kazi hiyo. Tumbaku ililipa ada za shule, ikajenga nyumba za bati, ikanunua baiskeli. Mtoto aliyesomeshwa kwa tumbaku huenda ndiye ofisa wa leo. Lakini majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto. Katika mabani, moto hukokwa siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, na kila msimu moto huo hudai kuni. Kampuni ziliwagawia wakulima miche ya mikaratusi ili wapate kuni zao wenyewe, na mikaratusi hiyo inaonekana hata sasa kandokando ya mashamba. Hata hivyo miti ya asili ilikuwa karibu na ilikuwa ya bure, na mkulima mwenye deni la mbolea na mbegu hangojei mche ukue.

Kisha dunia ikabadili mawazo kuhusu sigara. Uganda iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Mwaka 2013 British American Tobacco ilijitoa katika shughuli za ununuzi wa majani nchini, ikiacha kazi hiyo kwa wengine. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, iliyoanza kutumika mwaka 2016. Yote haya yana sababu njema, kwa maana tumbaku huua. Ibara ya 17 ya mkataba ule yataka mkulima wa tumbaku asaidiwe kupata kazi nyingine yenye faida. Ibara hiyo ndiyo iliyo nyepesi kusahauliwa. Kupitisha sheria huchukua siku chache. Kupanda kahawa, kufuga nyuki au kujenga soko la maembe huchukua miaka. Katika pengo kati ya sheria na kazi mpya ndipo shoka huingia porini.

Kabla ya kufika kwenye shoka hilo, liko jambo ambalo askari hana budi kulijua kuhusu sare anayoivaa katika eneo hili. Utawala wa Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, uliangushwa mwezi Aprili 1979. Mwaka 1980 kisasi kiliwafuata wananchi wa West Nile wasio na hatia, na maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliotafuta hifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa Serikali ya wakati huo. Wazee walioyaona hayo bado wako hai. Wanapoona askari ameshuka kutoka kwenye gari karibu na kijiji chao, hukumbuka. Kwa hiyo amri yoyote ya kulinda miti katika West Nile hubebwa na sare yenye deni. Ikitekelezwa kwa haki, deni hupungua. Ikitekelezwa kwa rushwa na viboko, deni huongezeka.

Wakimbizi wale walirudi katika miaka ya 1980, wakajenga upya nyumba na mashamba. Baadaye zamu ikageuka. Vita vya Sudan Kusini vilipozuka mwaka 2013 na kupamba moto tena mwaka 2016, majirani waliowapokea watu wa West Nile walikuja wao wenyewe kuomba hifadhi. Makazi ya Rhino Camp, yaliyoanzishwa mwaka 1980, yalipanuka. Bidi Bidi, katika wilaya ya Yumbe, yalifunguliwa mwezi Agosti 2016 na kupokea zaidi ya watu 200,000. Imvepi yalifunguliwa mwaka 2017. Lobule, katika wilaya ya Koboko, yalipokea watu kutoka Kongo. Uganda ilisifiwa kwa ukarimu huo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kila familia, mgeni na mwenyeji, huwasha mafiga jioni. Ugali hauivi kwa sifa. Miti iliyobaki ikawa inakatwa na mikono mingi zaidi, na mwanamke aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba akalazimika kutembea saa nyingi, mara nyingine akiwa na hofu ya kushambuliwa njiani. Hapo tayari kuni zimekwisha kuwa jambo la polisi.

Nchi nzima ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 13. Familia zaidi ya 9 katika kila 10 hupika kwa kuni au mkaa. Mijini mkaa ndio mfalme, na mji hauoni mti unaokatwa kwa ajili yake.

Uchomaji wenyewe una upotevu mkubwa. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, hutia moto, kisha hulinda tanuri hilo kwa siku kadhaa ili lisitoboke. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zilizobaki huwa moshi. Na mti upendwao zaidi ni ule mgumu, wenye kukawia kukua. Mfano ni mshea, ambao mbegu zake hutoa mafuta yanayopikiwa na kupakwa mwilini, na ambayo viwanda vya nchi za nje hununua kwa vipodozi na chokoleti. Mshea huchukua kiasi cha miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, kisha wanawake huokota mbegu zake kila mwaka kwa vizazi kadhaa. Ukikatwa, hutoa magunia machache mara moja tu. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, huo ni ujinga. Kwa hesabu ya mtu anayedaiwa ada ya mtoto Jumatatu ijayo, huo ni uokovu. Sera isiyozijua hesabu zote mbili haitafika mbali.

Tarehe 19 Mei 2023 Rais wa Uganda alitia saini Amri ya Utendaji Namba 3 ya mwaka huo. Pamoja na mambo mengine, ilipiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya biashara ya mkaa katika Kaskazini na Kaskazini-Mashariki ya nchi. Vyombo vya ulinzi vikatakiwa kuisimamia. Kabla ya amri hiyo na baada yake, viongozi wa Kaskazini walilalamika hadharani kwamba baadhi ya malori ya mkaa yalipita kwa ulinzi wa watu wenye sare. Malalamiko hayo yalikuwa aibu kwa askari walio wengi wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Yalionyesha pia udhaifu wa marufuku yoyote. Kitu kikipigwa marufuku huku watu wakikihitaji kila jioni, bei yake hupanda, na sehemu ya bei hiyo humngojea askari kizuizini.

Majirani wamekwisha kupita njia hiyo. Mwezi Januari 2006 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Miji ilipiga kelele, bei ikapanda, na marufuku hiyo haikudumu. Mwezi Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya Serikali. Usimamishaji huo uliendelea miaka mitano, ukawaacha watu wa viwanda vya mbao bila kazi, na mwaka 2023 Serikali mpya ikatangaza kuuondoa. Sababu za kuweka amri hizo zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni daraja la kumvusha mtu kutoka kazi ya zamani hadi kazi mpya.

Nchi tajiri zinalijua daraja hilo vizuri linapohusu watu wao. Ujerumani ilipoamua kuachana na makaa ya mawe, haikumwambia mchimbaji wake aache kesho. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu, huko Bottrop, ulifungwa mwezi Desemba 2018 baada ya miaka mingi ya kuwastaafisha watu kwa utaratibu. Sheria ya mwaka 2020 iliweka mwisho wa kuzalisha umeme kwa makaa kuwa mwaka 2038, na mikoa ya makaa ikaahidiwa hadi euro bilioni 40 ili ijenge uchumi mwingine. Mchimbaji wa Ujerumani alipewa miaka na mabilioni. Mchoma mkaa wa Kaskazini mwa Uganda alipewa amri. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya nchi nyingi za Afrika zidai haki katika mabadiliko haya. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 wenyewe unataja mageuzi yenye haki kwa wafanyakazi na kuundwa kwa kazi zenye heshima. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yalikuwa yameeleza katika taarifa yao kwamba ajira ya kijani yapasa kulinda mazingira na pia kumpa mfanyakazi ujira wa kutosha na usalama. Kazi inayolinda mti na kumwacha mtu na njaa haistahili jina hilo.

Je, kazi za namna hiyo zinaweza kupatikana katika West Nile? Baadhi zimekwisha kuanza. Kwa miaka mingi Arua ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya mafuta yaliyosafirishwa kwa malori. Mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak, katika wilaya ya Zombo, lenye uwezo wa megawati 3.5, lilianza kutoa umeme wa maji. Mwezi Agosti 2024 njia kubwa ya umeme ya kilovolti 132 ilizinduliwa, ikaiunganisha Arua na gridi ya taifa kwa mara ya kwanza, na mwezi uliofuata bwawa la Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa rasmi. Kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kwa msaga nafaka, kwa mwenye jokofu la maziwa au mtambo wa kukamua maembe, hayo ni mapinduzi. West Nile ina maembe mengi ambayo kila msimu huoza chini ya miti. Kiwanda kidogo cha kuyakausha kinaweza kuajiri watu wengi kuliko tanuri la mkaa, na mwembe haukatwi ili utoe embe.

Haifai, hata hivyo, kudanganyana. Waya ukipita juu ya nyumba haumaanishi kwamba sufuria imeshuka kwenye mafiga. Umeme una bei, jiko la umeme lina bei, na mkaa hununuliwa kidogokidogo kwa kikopo. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo kuni na mkaa vitaendelea kutumika, na kazi za kijani zilizo karibu zaidi ni za kupunguza upotevu: kutengeneza majiko yanayokula kuni kidogo, kufinyanga makaa ya takataka za mashamba, kutumia tanuri lililoboreshwa kama lile la Casamance litokalo Senegal, ambalo hutoa mkaa mwingi zaidi kwa magogo yale yale, na kupanda miti ya kuni kwa mzunguko kama mtu apandavyo muhogo. Ufugaji wa nyuki nao ni wa zamani katika West Nile, na mfuga nyuki ni mlinzi wa msitu asiyelipwa na Serikali. Mzinga wake ukiwa mtini, hamruhusu mtu aukate.

Katika upandaji miti liko funzo moja kubwa. Mwaka 1977 nchini Kenya, Wangari Maathai alianzisha vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walipewa mbegu na maarifa ya vitalu, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioendelea kuishi. Hawakulipwa kwa mche uliopandwa siku ya sherehe. Mamilioni ya miti iliota kwa utaratibu huo, na mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Nchini Uganda, katika mpango wa Operation Wealth Creation ulioendeshwa na maofisa wa UPDF, miche mingi iligawiwa kwa wakulima, na mojawapo ya malalamiko yaliyosikika mara nyingi ni kwamba miche ilifika wakati mvua zimekatika. Jeshi lina magari, nidhamu na watu. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mche hausikilizi amri. Hufuata mvua, na huhitaji mtu wa kuumwagilia katika mwaka wake wa kwanza na wa pili. Mtu huyo akilipwa kwa kuuona unaishi, ana kazi. Asipolipwa, kuna takwimu tu.

Sasa askari na polisi wanaingia wapi katika mambo haya? Wanaingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kizuizi cha barabarani. Sheria ikiwapo, itekelezwe kwa wote. Lori la mkubwa lisipite usiku wakati baiskeli ya mnyonge yenye gunia moja inakamatwa mchana. Wananchi hupima haki kwa mambo madogo kama hayo, na katika West Nile wana sababu ya kupima kwa makini. Mbao ngumu zivukazo mpaka kutoka Kongo zikaguliwe kwa karatasi zake, maana msitu wa jirani ukiisha, mvua haitauliza mpaka uko wapi.

Mlango wa pili ni jiko la kambi. Kambi yenye mamia ya askari hupika kila siku, na chungu chake ni kikubwa kuliko cha kijiji. Tanzania imetoa mfano katika jambo hili. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, ikaweka mwisho kuwa Januari 2024, na magereza, shule na kambi zikaanza kuhamia gesi na nishati nyingine. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa miaka 10 wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika kupikia kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Askari anayezuia mkaa barabarani, kisha akarudi kambini kula chakula kilichopikwa kwa magogo ya mti wa asili, amefanya nusu ya kazi.

Mlango wa tatu ni kustaafu. Askari huondoka jeshini angali na nguvu. Babu yake alirudi kutoka King's African Rifles na nishani, akakaa chini ya mwembe kusimulia vita. Mstaafu wa leo anaweza kurudi na kitalu cha miche, mizinga 20 ya nyuki, au ufundi wa umeme wa jua aliojifunza akiwa kazini. Nidhamu aliyofundishwa ya kuamka mapema na kutunza vifaa ndiyo hasa itakiwayo na miti michanga. Yeye pia ndiye awezaye kumwajiri yule kijana wa porini na kumwonyesha kazi nyingine, tena kwa lugha ambayo kijana huyo anaielewa.

Wenye Lado walichukua pembe wakaondoka. Wenye mashamba ya miwa walichukua vijana, na wengine wakarudi wazee. Tumbaku ilichukua kuni, nayo inapungua. Mkaa ukiachwa utafuata njia hiyo hiyo, kwa maana biashara ya mkaa itakwisha siku mti wa mwisho utakapokwisha, iwe kuna amri au hakuna. Serikali na wananchi wana uwezo wa kuchagua kwamba safari hii kazi mpya ianze kabla ya ile ya zamani kukata roho. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika ardhi isiyo na mti, aliyechuma juani hulia juani pia.